Ndege Hutua na Njaa

Usiku ule wa kuamkia Jumamosi nililala mapema, na nililala vibaya. Kesho yake tulikuwa tumkumbuke Mzee Mbaruku kwenye kiwanja chetu, nami ndiye niliyepewa heshima ya kurusha Kozi, ndege yake. Betri zote nilikuwa nimezichaji, mabawa nimeyapangusa, matairi nimeyakagua. Hakuna kilichobaki. Ila tangu alasiri nilikuwa nikirudia kuvikagua vyote, na sababu niliijua, ingawa nilijifanya siijui.

Kwanza niseme Kozi ni nini, maana watu wakisikia ndege ya rimoti hudhani ni kile kichezeo cha plastiki cha dukani. Ukiilaza Kozi sakafuni na mtu mzima akalala kando yake, watalingana. Mwili wake ni wa faiba, mwekundu tumboni, mweupe mgongoni. Ndani yake, nyuma ya mabawa, imo injini ya jeti ya kweli, si kubwa kuliko chupa ya chai. Inakunywa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, na inazunguka kwa kasi mpaka sauti yake inakuwa mluzi mmoja mrefu. Ikipita juu yako unaisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Mzee Mbaruku aliiunda kwa mikono yake baada ya kustaafu ufundi wa ndege, zile kubwa za abiria. Mimi, Rehema, fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Tanga mjini, nilikuwa mwanafunzi wake kwa miaka sita. Sijisifu, lakini katika kikundi chetu chote hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuifungua Kozi kifuniko.

Jumatano ya wiki ile nilikwenda kwa mkewe, Bi Tatu, kumpelekea mwaliko. Hakunikaribisha hata kukaa. Aliusoma akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia.

"Niende nikasikilize wanavyomsamehe mume wangu?" aliniuliza. "Hapana, mwanangu. Nendeni ninyi."

Maneno ya hotuba yalikuwa yameshamfikia. Mwenyekiti wetu, Kileo, mtu mwema kabisa, alikuwa ameshatusomea hotuba yake, na ndani yake mlikuwa na maneno haya: tutamkumbuka Mzee kwa safari zake zote, si kwa ile ya mwisho. Wenzangu walitikisa vichwa kwa majonzi. Na mimi nikatikisa changu.

Basi nikalala. Na Mzee akaja.

Nilikuwa karakanani kwangu. Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu, na majokofu ya watu yamejipanga ukutani milango wazi. Kozi ilikuwa juu ya meza. Mzee Mbaruku alikuwa mlangoni, ameinama, anavua viatu. Hiyo ilikuwa tabia yake, kuvua viatu hata kwenye karakana iliyojaa misumari na vipande vya shaba. Alisema mahali ndege inapolala ni chumba. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya bluu, ile ambayo Bi Tatu aliitoa sadaka baada ya arobaini. Nikafikiri tu, kumbe aliyepewa ameirudisha. Ndotoni mtu huwa haulizi mengi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Rehema."

Shangazi yangu alinifundisha nikiwa mdogo kwamba marehemu akikupa chakula ndotoni usile, na akikwambia mfuatane usimfuate. Nililikumbuka hilo humohumo ndotoni, nikakaza miguu. Lakini Mzee hakunipa chakula, wala hakuniambia twende. Alishika bawa la kushoto, akasimama kimya akingoja nishike la kulia, kama tulivyokuwa tukiitoa kila Jumamosi kwa miaka sita. Ningemwachaje na uzito ule peke yake? Nikashika.

Tunaitoa. Mlango wa karakana yangu siku zote unafungukia duka la jirani na bomba la maji. Safari hii unafungukia kiwanja. Sikushangaa hata kidogo. Ni kiwanja cha zamani katikati ya shamba la mkonge, ambapo enzi za ukoloni wenye shamba walikuwa wakitua na vindege vyao. Lami imepasuka, tumeiziba wenyewe kwa sepetu na jasho. Pande zote mkonge umesimama mistari kwa mistari hadi milimani. Harufu ya mafuta ya taa imetangulia kufika. Tunatembea, yeye mbele, mimi nyuma, na nyayo zake hazikanyagi mwiba hata mmoja.

Kisha nikaviona viti.

Vilikuwa viti vya plastiki vyeupe, safu mbili, kando ya njia ya kurukia. Nikajua hapohapo tumefika siku gani: ile ya safari yake ya mwisho. Nilitaka kumwambia, Mzee, turudi, ndege haiko tayari. Lakini viti vikaanza kujaa watu. Wageni kutoka wilayani, wenye mashati ya kitenge na suruali zilizonyooshwa, waliokuja kutazama kama kikundi chetu kinastahili kuachiwa kiwanja. Kileo na kofia yake. Wenzetu wote, wametulia, wananitazama mimi.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Sisi kabla ya kuwasha injini tunaisoma ndege. Kila aliyeigusa tangu iliporuka mara ya mwisho husimama mbele ya wote na kusema kwa sauti: mimi fulani, nimefanya hivi na hivi. Waliosimama hujibu, "Tumesikia." Hata kama umebadilisha skrubu moja, unaisoma. Na hakuna anayemsomea mwenzake. Mzee alikuwa mkali mno kwa hilo. Alisema kule alikofanya kazi, fundi husaini kazi yake kwa mkono wake, na sisi tusio na makaratasi tutasaini kwa midomo. Ukijua mwenzako kafanya jambo, ukamsomea wewe, anakurudisha nyuma kama mtoto aliyekatiza mazungumzo ya wakubwa. Aliyefanya ndiye husoma.

Desturi ya pili ni ya mtungi wa kuzimia moto. Injini ya jeti ikiwashwa vibaya inaweza kutapika moto, kwa hiyo mmoja husimama kando na mtungi mkononi. Kwetu kazi hiyo ni ya mwanafunzi. Mimi nilishika mtungi miaka minne kabla sijaonjeshwa rimoti, na mkono wangu wa kulia mpaka leo ni mnene kuliko wa kushoto.

Sasa ndotoni namwona Mzee Mbaruku anainama, anauokota mtungi, anakuja kusimama ubavuni mwangu, nusu hatua nyuma, pale pale anaposimama mwanafunzi.

"Mzee, lete. Hiyo kazi yangu."

"Leo yangu," akasema. "Soma."

Nilisikia fahari ambayo sijui niiweke wapi. Mtu aliyekuwa akizifungua injini kubwa kuliko nyumba yangu ananishikia mtungi! Nikanyoosha mgongo. Nikasoma kwa sauti ambayo hata mkonge uliisikia. Mimi Rehema, nimebadilisha mpira wa mafuta. Tumesikia. Mimi Rehema, nimekaza skrubu za sukani ya mkia. Tumesikia. Mimi Rehema, nimechaji betri ya injini na betri ya rimoti. Tumesikia. Nimekagua breki, nimejaza upepo wa kukunjia miguu ya magurudumu, nimechuja mafuta mara mbili. Tumesikia, tumesikia.

Halafu nikafika pale.

Siku ile ya kweli, asubuhi ile, wageni wakiwa tayari wanashuka kwenye gari, niligundua waya wa betri unasuguana na mguu wa mbele unapojikunja. Nikaisogeza betri nyuma, kiasi cha kiganja kimoja. Hilo halikuwa kosa, waya ungekatika angani. Lakini ukisogeza kitu kizito ndani ya ndege lazima uipime upya uzani. Tuna kigoda chenye vigingi viwili. Unaiweka ndege juu yake kwa alama zilizo chini ya mabawa, nayo ikiwa sawa hutulia, pua imeinama kidogo. Na hupimwa tanki likiwa tupu. Hili Mzee alilisema mpaka tukalichoka. Tanki la Kozi liko mbele, kwa hiyo likijaa pua inakuwa nzito, na likiisha uzito unahamia mkiani. "Ndege hupaa imeshiba," alikuwa akisema, "na hutua na njaa. Ipime ikiwa na njaa."

Mimi siku ile nilikuwa nimeshajaza mafuta. Kuyafyonza yote, kupima, kuyarudisha, wageni wamekaa wananitazama? Nikaipima imeshiba. Ikatulia vizuri kabisa juu ya kigoda. Nikajiambia basi. Na tulipokuja kusoma, nikasoma yote isipokuwa hilo, kwa sababu Mzee angeuliza umeipimaje, na ningeaibika mbele ya watu. Mwanamke ni mimi peke yangu kikundini, na nilikuwa nimezoea kuambiwa kwamba sikosei. Ndiyo sababu yote, na ni ndogo kiasi hicho.

Ndotoni napo nikanyamaza. Nikatazama viatu vyangu. Mzee hakunihimiza. Nikasikia tu anahamisha mtungi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Na injini ikawaka yenyewe.

Sikuigusa. Ule mnong'ono wa mwanzo, kisha mvumo, kisha mluzi, na joto nyuma ya mkia likafanya mistari ya mkonge icheze. Rimoti imo mikononi mwangu, sijui nimeipokea kwa nani. Kozi inakimbia, pua inanyanyuka, na lami inaiachia. Ee, jamani! Mtu ambaye hajawahi kuipeleka ndege ya jeti juu kwa vidole vyake viwili sitamweleza akanielewa. Inapanda kana kwamba inaitwa. Naigeuza, tumbo jekundu linatazama jua, naishusha hadi kimo cha mtu, naipitisha mbele ya safu zote mbili za viti, na kofia ya Kileo inaruka. Watu wanapiga makofi. Naipandisha tena wima mpaka inakuwa kama punje ya mchele, naizungusha huko juu mara tatu, narudi nayo taratibu.

Nilijiona. Niseme ukweli, nilijiona sana.

"Unarusha vizuri kuliko mimi," Mzee akasema.

Kwa miaka sita sifa yake kubwa kwangu ilikuwa "hujaharibu." Siku nilipotua peke yangu mara ya kwanza, ndege ndogo ya mazoezi, alikuja, akakagua magurudumu, akakagua mkia, akaniambia hujaharibu, nami nikaenda nyumbani nikampigia simu kila mtu ninayemjua. Sasa ananiambia hivi, mbele ya kikundi kizima. Sifa niliyoingoja miaka yote hiyo. Na ilipokuja nilitamani airudishe.

Viti vikawa kimya. Jua halikusogea, lakini nikajua muda umekwenda.

"Ina njaa sasa," akasema Mzee.

Nilikuwa nimeshaihisi. Vidole vinajua kabla ya macho. Naipunguza mwendo ili nianze kuishusha, na pua inanyanyuka yenyewe. Nasukuma fimbo mbele, inashuka, naachia kidogo, inanyanyuka tena, mkia unalegea kama mtu aliyebeba mzigo nyuma. Naizungusha upya. Kila mzunguko mafuta yanapungua, na kila yanapopungua inazidi kukataa. Nikatazama upande wake. Siku zote nikishindwa mkono wake ulikuwa unakuja, mkavu, unanukia sabuni ya kipande, unaipokea rimoti bila neno. Safari hii mikono yake miwili imeshika mtungi.

"Mzee, ichukue."

"Mimi nimeshika mtungi."

"Itaanguka!"

Kozi ikapita juu yetu, na mluzi wake ukawa mwembamba.

Ndipo nikasema. Sikusema kwa ujasiri, nilisema kwa sababu nilichoka kuishikilia angani.

"Siku ile nilisogeza betri nyuma."

"Ndiyo."

"Nikaipima imeshiba."

"Ndiyo."

"Sikusoma."

"Niliijua mkononi," akasema Mzee. "Kona ya mwisho."

Nilimgeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Kwa nini hukuwaambia? Walisema umezeeka! Walikunyang'anya rimoti, Mzee, na ulikuwa unajua!"

"Nani aliisogeza betri?"

"Mimi."

"Basi," akasema.

Alikuwa ameiweka sheria mwenyewe, na hakuivunja hata ilipomkaba shingo. Miezi saba aliyoishi baada ya siku ile alikuwa akija kiwanjani kila Jumamosi, anakaa kiti cha pembeni, ananisikiliza nikisoma ndege za watu wengine. Nilidhani anakuja kutazama. Kumbe alikuwa anangoja.

Nililia ndotoni. Sioni haya kusema. Nikamwambia, nifundishe basi ulivyoishusha, maana mimi siwezi.

"Tazama," akasema.

Na sasa ni siku ile yenyewe. Rimoti iko mikononi mwake, mtungi uko mikononi mwangu, na mimi nimesimama nusu hatua nyuma yake, pale pale niliposimama kweli. Ila siku ile ya kweli nilikuwa nikitazama angani pamoja na watu wote. Sasa natazama mikono yake.

Kozi inaingia kona ya mwisho. Pua inanyanyuka. Kwa nafasi ya pumzi moja vidole vyake vinasimama, vinasikiliza. Kisha vinaanza kazi, na sijapata kuona kazi kama ile. Kila mtu hupunguza mwendo anapotua. Yeye anauongeza, kwa sababu ndege yenye mkia mzito ikipungua mwendo inakaa kitako angani na kudondoka, na palipo chini yake ni safu mbili za viti vyeupe. Kidole gumba kinasukuma fimbo mbele, kinaachia kiasi cha unywele, kinasukuma, kinaachia. Hakitetemeki. Anaivuta mbali na watu, anaipeleka upande wa mkonge, anaivusha viti vyote, anaivusha na Kileo, na kwenye kipande kile cha mwisho cha lami anaigonga chini kwa makusudi, magurudumu yote matatu, ikiwa na kasi ya kutisha, kwa sababu ndiyo njia moja tu iliyobaki. Mguu wa mbele unavunjika. Kozi inazunguka katika vumbi na kusimama. Haina moto. Bawa halijakatika. Hakuna aliyekwaruzwa.

Watu waliona nini? Waliona ndege imekuja mbio kuliko kawaida, ikiyumba pua juu pua chini, ikabamizwa lami ikavunjika mguu, mbele ya wageni. Nasikia wanavyoguna. Namwona Kileo anakuja, anamshika Mzee begani kwa upole, anamwambia umetufikisha mbali, Mzee, sasa pumzika, waachie vijana. Namsikia Mzee anajibu, "Sawa, Mwenyekiti," na anampa rimoti. Na ninamwona binti mwenye mtungi, Rehema, fundi hodari asiyekosea, anatazama ardhini. Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kushuku. Jioni ile nilipoirudisha karakanani, nikafyonza mafuta yaliyobaki na kuiweka kigodani, mkia ulidondoka palepale. Nikairudisha betri mahali pake, nikauzungushia waya mpira usisuguane tena, nikafunga kifuniko, nikafunga na mdomo.

Vumbi la ndotoni likatulia. Viti havikuwa na watu tena. Tulibaki wawili, na Mzee alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona akiwa hai, kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba na sasa amemleta mgeni wa kwanza.

"Umeona?"

"Nimeona, Mzee."

"Ilikuwaje?"

Mtu yule, ambaye hakuwahi kumwomba yeyote sifa, alikuwa ananiuliza. Aliifanya kazi kubwa kuliko zote za maisha yake mbele ya watu wengi, na hapakuwa na hata mmoja aliyeiona. Akaondoka nayo.

"Sijapata kuona kutua kuzuri kama kule," nikamwambia. "Wala sitaona kwingine tena. Hakuna mwingine hapa ambaye angeweza. Mimi nisingeweza."

Akacheka kidogo, kwa pua, kama alivyokuwa akicheka injini ikiwaka kwa mara ya kwanza. Akauweka mtungi chini, akaitazama miguu yake mitupu, akatazama huku na huku kama anayetafuta alikoacha viatu.

"Mimi nimeshasikia," akasema. "Wasomee walio hai."

Nikaamka.

Mikono yangu ilikuwa kifuani, vidole gumba viwili juu, kama niliyeshika rimoti. Kumekucha. Jirani alikuwa anafagia uwanja wake na redio imewashwa. Wanasema ndoto njema usimwambie kila mtu, mwambie anayekupenda. Mimi nilijua nitakayemwambia, na sikuwa na hakika hata kidogo kama baada ya kuisikia atanipenda. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilijaribu kujiambia kwamba ndoto ni ndoto, na kwamba nikishairusha Kozi vizuri leo itakuwa heshima tosha. Nilijijibu mwenyewe kwa tusi ambalo sitaliandika hapa. Nikapiga.

"Bi Tatu, shikamoo. Ni Rehema."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Nilimweleza. Nilianza na ndoto, nikaona najificha ndani yake, nikaiacha. Nikasimama katikati ya chumba na gauni la kulalia, nikasoma kama tunavyosoma: mimi Rehema, asubuhi ile nilisogeza betri nyuma kiganja kimoja, nikaipima ndege tanki likiwa limejaa, na sikusema. Nikamweleza maana yake. Nikamweleza mikono ya mumewe ilivyofanya, kidole kwa kidole, na viti vilikuwa wapi, na nani alikuwa ameketi.

Nikasikia kiti kinavutwa, naye anaketi.

"Siku ile alirudi nyumbani," alisema, "akasimama mlangoni, hajavua hata viatu. Akaniambia, 'Tatu, leo nimetua.' Mimi nilikuwa nimeshapigiwa simu. Nikamwambia, pole, mume wangu." Akavuta pumzi. "Pole! Akanitazama. Kisha akaomba chai."

"Bi Tatu..."

"Ngoja. Nimemwonea huruma mtu yule mpaka nikamzika. Kumbe alikuwa amekuja kunitambia."

Nilimwomba msamaha.

"Wewe tutazungumza baadaye," akasema, "na hutayapenda nitakayokwambia. Sasa nijibu. Haya uliyonisomea mimi, watasomewa wote?"

"Wote. Kabla injini haijawashwa."

"Na Kileo awepo?"

"Atakuwepo. Hotuba yake itabidi aikunje."

Nikasikia kabati linafunguliwa upande wa pili, na hanga za nguo zinagongana.

"Basi niwekee kiti," akasema Bi Tatu. "Cha mbele kabisa."